Siku Kompyuta Ilipogoma

Juzi nilikwenda Kibiti kuchukua ripoti ya shule ya binti yangu. Macho yakakimbilia chini kutafuta amekuwa wa ngapi. Nafasi haikuandikwa. Yeye akanivuta mkono hadi chumba cha kompyuta anionyeshe ramani ya mto aliyoichora mwenyewe. Nilishusha pumzi, rafiki yangu, mpaka mwalimu wake akacheka.

Nilipokuwa mtoto, shuleni kwetu Mkongo kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitenge ofisini. Watoto hatukuigusa, haimo kwenye mtihani, walisema. Kazi yake ilikuwa kupiga wastani na kutupanga, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu wetu alipenda kutupeleka mtoni kutazama maji yakipanda. Naye akakatazwa, maana mto pia haumo kwenye mtihani. Tukabaki kukariri majibu ya miaka iliyopita.

Siku ya kufunga shule wazazi walikaa uwanjani, majina yakasomwa kwa nafasi. Mimi mkiani, kila muhula. Bibi, aliyenilea, alikuwa ameshachoka.

"Mkia wa ng'ombe, mjukuu wangu. Ukirudi nao tena, shule basi. Utakwenda dunguni kuamia ndege wasile mpunga."

Dungu ni kile kibanda chetu cha juu ya miti, katikati ya mpunga. Nililipenda, jamani, na harufu ya pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa, ikitwangwa chini yake. Lakini si kwa maisha yote!

Asubuhi ya kufunga shule muhula huo kompyuta ikagoma. Sisimizi walikuwa wamehamia ndani, na matokeo yote yakapotelea humo. Mkuu wa shule akatokwa jasho, wazazi wameshakaa. Ndipo mwalimu wetu aliposimama mikono mitupu, akamweleza kila mtoto kwa anachokiweza. Zamu yangu ilipofika nilitamani ardhi inimeze. Akamgeukia Bibi.

"Bibi, huyu ndiye aliyeniuliza kwa nini mto unafurika na huku mvua haijanyesha. Alinirudisha vitabuni."

Bibi akapiga kigelegele peke yake, uwanja mzima ukageuka. Njia nzima hakutaja dungu, nami nikatembea mwepesi, nikiimba.

Muhula uliofuata kompyuta ikatengenezwa, nikashika mkia kama kawaida. Bibi akakung'uta kanga, akainuka. "Wasome watakavyo. Wangu nilishaambiwa alivyo."

Leo Bibi hayupo, na dungu lilichukuliwa na mafuriko. Nafasi zangu zote nimezisahau; maneno ya mwalimu sijasahau hata moja. Pale Kibiti ripoti niliikunja nikaitia mkobani. Nikaomba wanichapie ile ramani.