Taa ya Shangazi katika Chumba cha Hamira

Wenzake walimwita Kidole Chekundu, na ukimpa mkono ungejua kwa nini: kucha zake zilikolea rangi ambayo sabuni haiitoi. Kazi yake ilikuwa kukamua rangi kwenye hamira. Msicheke. Si ile ya mikate; hii ni nyekundu, na ikilelewa vizuri ndani ya chupa za maji ya sukari, huiva kama papai. Ikiiva unaichuja, unaisaga kwa shanga za kioo, kisha unailoweka kwenye mafuta ya alizeti ya uvuguvugu. Rangi inahama yenyewe, polepole, bila kelele, mpaka mafuta yawe mekundu, tayari kwa watengeneza peremende.

Njia hiyo aliirithi kwa shangazi yake. Zamani karakana ilitumia kiyeyusho cha mapipa, ndugu yake petroli, chenye harufu ya kukata pumzi. Shangazi alikivuta miaka ishirini, hadi kikohozi chake kikawa kinaishia kwa mluzi, kama bawaba iliyokosa grisi. Ndipo akajaribu mafuta ya kula, yakakubali. Lakini kifua kilikuwa kimeshakwenda. Siku ya mwisho alimshika mkono mpwa wake: "Mwanangu, mapipa yale yasirudi humu."

Walipokwisha kumzika, mpwa akakipanga chumba upya. Mbele ya chupa palikuwa na taa ndogo ya mezani, ikiwaka mchana kutwa. Akaona ni mazoea tu ya mtu aliyefifia macho. Akaichomoa, akaifungia kabatini kwa kufuli. Wiki ya pili, hamira ikaanza kupauka.

"Dada, hii ni rangi au uji wa mgonjwa?" mkemia, mkuu wa karakana, alimuuliza.

"Nipe siku, bosi."

"Nimekupa kumi, umezila zote. Mteja anakuja Jumatatu. Mafuta yako yameshindwa kukamua; mapipa nimeshaagiza."

"Ndiyo yaliyommaliza shangazi."

"Shangazi yako alikuwa na kifua chake. Jumatatu, dada: kikombe kimoja cha rangi ya kweli, au mapipa yanaingia."

Ijumaa alasiri, jua bado kali nje, alikuwa peke yake akikoroga mafuta yaliyokataa kugeuka. Nyuma yake, penye rafu, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kikaishia kwa mluzi.

Akageuka. Hakuna ila chupa, zimepangwa mstari.

"Ni bomba hilo," akajiambia kwa sauti, ingawa maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Akafunga mlango. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, naye aliuvaa shingoni.

Jumamosi asubuhi alipofungua, chumba kilikuwa na mwanga wa manjano. Taa ilisimama mezani, mahali pake pa zamani, inawaka. Kwenye swichi palikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu, mafuta yake bado mabichi. Akajitazama mikono. Wiki nzima hakuwa amegusa rangi nyekundu. Haikuwapo ya kugusa. Akaenda kabatini, akalivuta kufuli. Lilikuwa limefungwa.

Miguu ilitaka mlango, macho yakamzuia. Zile chupa za mbele zilikuwa zimeanza kuona haya: upande wa taa mwekundu, upande wa ukuta bado mweupe. Hapo akaelewa. Hamira hii hujitia rangi ikipata mwanga, kama uso unavyoiva juani, naye alikuwa ameifungia gizani kwa usafi wake. Akazisogeza chupa zote karibu, akazigeuza moja moja, siku mbili.

Jumatatu mkemia aliinua kikombe cha mafuta mekundu mlangoni, penye jua, akakizungusha.

"Umefanyaje?"

"Taa."

"Taa? Nani kakufundisha?"

"Shangazi."

"Alikuandikia?"

Kidole Chekundu alilitazama lile kufuli. "Aliniachia," akasema.

Gari la mapipa liligeuzwa getini siku ile ile.

Anafanya kazi mle hadi leo, na taa haizimwi. Kila asubuhi, kabla hajavua viatu, husema mlangoni, "Shikamoo, shangazi." Kisha huwahi mbio kuiwasha mashine ya kutikisa chupa, ile yenye makelele, asije akasikia marahaba.