Siku Baba Aliposhika Gitaa la Senje

Sisi tuliokulia Shianda wakati miwa bado inaitwa mali, tunajua msichana mwenye gitaa aliangaliwa vipi. Gitaa lilikuwa la walevi na wapigaji wa matangani. Baba, mzee wa kanisa, alikuwa ameshasema: "Hiyo gitaa nikiisikia tena kwangu, itachemsha mahindi."

Lilikuwa gitaa la Senje Nafula, shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, aliyerudi kutoka kwa mume na sufuria mbili na gitaa hilo. Baba akienda kukagua miwa, Senje ananiita nyuma ya jikoni. Mkono wa kulia tulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama wapigaji wote wa kwetu, na kaka yangu Wesonga aligonga chupa ya soda kwa msumari kushika mwendo. Vidole vilitoka ngozi. Mama alituita tule obusuma, ugali wetu, mpaka ukapoa, na hatukuenda.

Siku Senje aliponifundisha diminishi, nilishtuka. Neno hilo alilipata kwa mwalimu wa kwaya. Ni noti nne zilizoachana sawasawa, unazipiga moja moja, kupanda na kushuka. Ukisogeza mkono nafasi tatu kwenye shingo ya gitaa, unakuta noti ni zile zile nne. Nilidhani Senje ananifanyia mazingaombwe. Na sauti yenyewe ilinisimamisha nywele, kama mtu amefungua mlango halafu haingii.

"Usiache watu hapo," Senje alinionya. "Hapo hakulalwi. Warudishe kwenye wimbo."

Nilifanya mazoezi mpaka nikawa naicheza kwenye mpini wa jembe. Basi Jumapili moja mpigaji kinanda wa kanisa hakufika, na kiongozi wa kwaya, rafiki ya Senje, akaniita mbele. Senje akanipitishia gitaa lake, alilokuja nalo limefungwa kwenye leso. Baba alikuwa kiti cha kwanza, na kukataa mbele ya watu kungekuwa aibu mara mbili. Nikapiga. Wimbo ulikwenda vizuri mpaka nilipopanda diminishi, vidole vikagandia hapo hapo. Nikairudia, nikairudia tena, njia ya kutoka siioni. Akina mama wakaacha kupiga makofi. Baba akasimama.

Nilijua gitaa limekuwa kuni. Alinipokonya, akakaa kwenye benchi la kwaya, akaipiga ile diminishi kutoka chini hadi juu ya shingo na kushuka tena, bila kuangalia mkono, kisha akaurudisha wimbo mahali pake taratibu. Akanipa gitaa. "Kidole kidogo ndicho kinaanzanga," akasema. "Endelea."

Nilipigwa na butwaa. Pasta alisahau sadaka. Mama, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alimtazama mumewe kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nyumbani Baba alikula ingokho yake, kuku wa Jumapili, kama siku zote. Kesho yake alipigilia msumari sebuleni, akalitundika gitaa hapo, ruhusa ikawa hiyo. Yeye mwenyewe hakuligusa tena. Nilipomuuliza Senje, alisema, "Muulize mwenye mikono." Nani angethubutu? Enzi zetu mzazi hakuulizwa mambo yake ya zamani. Ulipewa chakula, ukashukuru, ukaondoka.

Juzi binti yangu amejifunza diminishi kwenye simu kwa kikao kimoja, kucha zimepakwa rangi, ngozi haijatoka hata kidogo. Watoto wa siku hizi wanafunzwa na kioo halafu wanadai wamechoka. Nikamsimulia habari ya babu yake. Akaacha kupiga.

"Kuka alifunzwa na nani?"

"Sijui."

"Na mbona aliacha?"

"Sijui, mama."

"Lakini mliishi nyumba moja. Hukumuuliza?"

Nilikuwa tayari kumcheka, maana kizazi hiki kinauliza kila kitu, hata mshahara wako mbele ya wageni. Kicheko hakikuja. Sisi adabu tulikuwa nayo tele, na Baba tulimzika bila kumjua.