Kiganja cha Elkanah

Mwaka 2015 mimi na Elkanah Wafula tulikuwa mafundi wa ndege Jeddah, tukilala chumba kimoja Bani Malik. Nisimsifu kupita kiasi: alikuwa mbishi, alikoroma, na chai ya watu wanne aliinywa peke yake. Lakini kazi aliijua. Kila ndege ilipotua alipanda ngazi akalipapasa bawa kwa kiganja kitupu. Mwalimu wake wa Nairobi alimfundisha kwamba barafu mbaya kuliko zote haionekani kwa macho, ni ya kushikwa. Glavu za kampuni aliziweka chini ya mto, mpya kabisa. Tulimcheka tukasema analipa bawa mkono mtupu kama anayewaamkia wakwe zake.

Alfajiri moja ya Januari ilitua ndege ya kukodi kutoka Nairobi, imejaa wasichana wanaokwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Mmoja wao alikuwa Fridah, dada yangu mdogo. Ilikuwa iondoke kuelekea Riyadh baada ya nusu saa. Elkanah akapanda, akapapasa, akaniita.

"Silas, weka mkono hapa."

Niliweka. Baridi ilinipanda hadi kwenye kiwiko. Kwa macho bawa lilikuwa limelowa tu. Kwa mkono lilikuwa kioo. Akanieleza kwamba mafuta yaliyobaki ndani ya bawa yalikuwa yamekaa saa nne kwenye baridi ya juu, na ule unyevu wa Jeddah ukiligusa bawa huganda papo hapo, hata kama sisi tunatokwa jasho. Bawa lenye ganda namna hiyo haliinui ndege sawasawa. Tena ganda likikatika wakati wa kupaa, linafyonzwa na injini za mkiani, na hapo hakuna wa kusimulia.

Duncan, msimamizi wetu, Mkenya mwenzetu, hata ngazi hakuikanyaga.

"Barafu Jeddah? Basi itie kwenye juisi," alisema. "Sign hiyo karatasi, yalla, upesi."

Elkanah alikataa kutia sahihi, na bila sahihi yake rubani hangewasha injini. Dawa ya kuyeyusha barafu hatukuwa nayo, nani angeinunua kwa ajili ya Jeddah? Tukalisubiri jua. Wasichana walikaa ndani ya ndege saa mbili nzima, wengine wakilia kwa joto. Jua lilipoliyeyusha ganda lote, Elkanah alipapasa tena, akatia sahihi, na ndege ikaruka. Mchana Fridah aliniandikia kwamba wamefika salama.

Jioni bosi alituita ofisini. Duncan alikuwa ameshamwambia kwamba Elkanah amechelewesha ndege kwa ukaidi, na alikuwa na picha ya bawa aliyoipiga kwa simu jua likiwa limeshawaka: matone ya maji, basi. Elkanah akasema Silas yuko, naye aliishika ile barafu kwa mkono wake.

Bosi akanigeukia. Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilikuwa inaisha wiki ile na karatasi za kuongeza muda zilikuwa juu ya meza yake, nikiziona. Fridah alikuwa ameshafika. Ukweli haukuwa na faida tena kwangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na ninajichukia kwa kuwaza hivyo.

"Mafi, hakuna barafu," nikasema. "Maji tu."

Elkanah hakunitukana. Ningependa angenitukana. Unga wake ulimwagika pale pale, na siku ya nne alirudishwa Kenya kwa kosa la kusema uongo kazini, kosa ambalo hakuna kampuni nyingine ya ndege iliyolisamehe. Glavu aliniachia kitandani.

Baada ya mwezi Fridah alipata nafasi ya kunipigia simu kutoka Al-Naseem, mtaa wa Riyadh alikofanya kazi. Sauti yake ilikuwa imechoka. Aliniambia kwamba siku ile madam wake alingoja uwanjani kwa saa mbili nzima, na walipofika nyumbani alimpiga kofi kabla hajavua viatu. Tangu hapo makofi hayajakoma.

"Walisema ni fundi mmoja alikataa tu kusign," alisema. "Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Alifutwa?"

"Alifutwa."

"Afadhali," dada yangu akasema.

Nikamwuliza kama anakula vizuri.