Fizikia ya Mkono wa Kushoto

Darasa zima lilikosa swali moja, na wote walikosa kwa namna moja. Waya uliopitishwa umeme katikati ya sumaku ulipaswa kuruka kwenda nje. Wao waliuchora ukirudi ndani. Nikajua tu wameangaliziana. Niliingia Kidato cha Nne nimevimba, nikawaambia wanionyeshe kanuni ya mkono wa kushoto: kidole cha shahada kifuate uga wa sumaku, cha kati kifuate mkondo wa umeme, na gumba litasema waya unasukumwa wapi. Mikono ikanyooka. Yote ya kulia.

"Kushoto ni wapi?" niliuliza.

Wakatazamana. Aliyejikaza kujibu ni msichana wa mstari wa mbele, anayelelewa na bibi yake huko Old Moshi. "Mwalimu, si umesimama mbele yetu? Tukunyooshee mkono wa kushoto?"

Mimi pia nimekulia kihambani, kwenye migomba na kahawa, na nilikuwa nikipokea kikombe kwa mkono huo nazabwa kofi kabla chai haijatulia. Hakuna aliyeangalizia. Walikuwa na adabu tu, na adabu ndiyo iliyowapa sifuri.

Yule msichana ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Shule ilikuwa imeamua kwamba atakayeshindwa jaribio la marudio ataacha fizikia, naye aliipenda fizikia kuliko baadhi yetu tunaoifundisha. Nikamwambia akafanye mazoezi nyumbani. Ushauri gani ule!

Kesho yake bibi yake aliteremka hadi shuleni, amejifunga kitenge cha kanisani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwalimu, jana nimempakulia mtori, yeye ananielekezea vidole vitatu vya kushoto kama mchawi. Ndiyo mnayofundisha? Basi aliache hilo somo."

Sikubishana. Nilimkaribisha maabara, nikapanga sumaku, waya na betri, nikamwonyesha kazi ya kila kidole na kumwomba abashiri waya utaruka upande gani. Akatumia mkono wa kulia, bila shaka. Nikaunganisha betri, waya ukaruka upande mwingine.

"Geuza betri," aliamuru.

Nikageuza. Akapanga vidole upya, vya kulia tena, akabashiri. Waya ukamkatalia tena. Alinitazama kana kwamba nimeuhonga. Akataka tugeuze na sumaku. Tukageuza, ikawa yale yale. Bibi alikuwa anabishana na waya, na waya haumwamkii mtu.

Mwishowe mkono wake wa kushoto ukapotea ndani ya kitenge. Akachungulia humo. "Kuleee," alisema, na safari hii waya ukamtii.

"Kumbe!" Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatoa hukumu: mjukuu aendelee na fizikia, ila mkono huo aufiche.

Mjukuu akawapa wenzake habari. Siku ya jaribio msimamizi alikuwa mwalimu wa historia, mzee anayekaribia kustaafu na asiyependa mchezo. Mimi nilisimama mlangoni. Walipofika kwenye swali la waya, mikono ya kushoto ya darasa zima ikazama chini ya madawati, na macho yakaifuata. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mzee alifikiri simu. Akaenda moja kwa moja kwa yule msichana.

"Toa huo mkono! Nitakunyang'anya karatasi sasa hivi."

Akautoa. Vidole vitatu vya kushoto, vimenyooka vilivyo, kimoja kikimlenga mzee usoni. Nikaanza kwenda kumtetea. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini hakuukunja mkono. Angeukunja, angepoteza upande. Kwa mkono wa kulia alichora mshale wake taratibu, mpaka kwenye ncha. Ndipo akaukunja ule wa kushoto, akauficha mgongoni na kusimama.

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisamehe."

"Marahaba," mzee aliitikia kwa mazoea, akaiacha karatasi palepale. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye dawati. Mshale ulikuwa sahihi, na nilijivunia mtoto yule.