Sindano Iliyolala Kigoma

Siku ile ya Kigoma naikumbuka hata sasa, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa rubani msaidizi, kijana mwenye mdomo. Asubuhi nilipigiwa simu kwamba mama yangu, huku Nyakabiga, Bujumbura, amezidiwa na ananiita. Kutoka Kigoma mpaka Bujumbura kwa ndege si safari ya kujisifia. Nikasema saa sita nitakuwa nimemshika mkono.

Tulipokagua vyombo, kipokezi kinachonasa mawimbi ya kituo cha ardhini kilikuwa kimekufa. Sindano yake, ile ya kutuonyesha njia ndani ya wingu, ililala upande mmoja. Injini ilikuwa nzima, mafuta tele, anga la Kigoma jeupe. Lakini Bujumbura ilikuwa imefunikwa na mawingu, na sheria haina maneno mengi: huingii winguni bila chombo cha kukuongoza kinachofanya kazi.

Kapiteni wangu, Mrundi mzee wa Kanyosha, akazima kila kitu.

“Kapiteni, tufuate ziwa tu,” nikamsihi. “Mama anakufa.”

“We unaona ziwa ya hapa. Kule Buja hata milima hawaione. Mi siingize mutu mu wingu na sindano yenye imekufa.”

“Na mama yangu?”

“Pole sana, mutoto wangu. Apana.”

Nilimtukana, mwanangu. Akashuka kutafuta fundi.

Fundi alileta kipokezi kingine kesho yake. Mama alikuwa amefariki jioni ile ile. Nilifika kuzika.

Kapiteni alikuja matangani, akaketi na wanaume, nami nikakataa kumpa mkono. Akaniambia polepole, “Unichukie tu. Ila unichukie ukiwa muzima.”

Watu husema mwenda pole hajikwai. Ni kweli, lakini huchelewa, na hilo hawalisemi. Nimezeeka bila kujua kama tungefika salama siku ile. Pengine tungefika. Swali hilo limenichosha kuliko kazi yote niliyofanya.

Sasa wewe, leseni yako haijakauka wino, unaniambia kipokezi cha ndege yenu ni kibovu na bosi anasema ramani ya simu ya mkononi inatosha. Haitoshi. Kabla ya kuingia winguni jiulize: vyombo vinavyotakiwa kwa njia hii ninavyo? Vinafanya kazi? Vinapatana na vituo vilivyo huko mbele? Kimoja kikikosekana, baki chini, hata kama anayekungoja ni mimi. Usitegemee shukrani, maana ajali isiyotokea haina shahidi. Watakuita mwoga, nawe utalala na maneno yao.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie nguvu ya kusema apana, na kila utakapochelewa, akuwekee hai yule anayekungoja.