Zambarau Kwenye Kitambaa cha Mama

Bariki Sumari alikuwa mpiga picha, amepanga chumba kimoja Sekei, enzi zile Mwingereza bado ndiye bwana Arusha na picha ya rangi ni kitu cha kuitana majirani waje waone. Huku kitanda, huku pazia, mbele ya pazia kiti cha wateja. Mteja akishatoka anabaki yeye na jiko lake la mkaa. Ukiniuliza jioni alikuwa akiongea na nani, nitakwambia bila kuficha: aliongea na picha ya mama yake ukutani. Na picha hiyohiyo ndiyo iliyomfukuzisha kwao.

Kamera aliachiwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya kahawa, aliyemfanyia kazi mpaka alipofunga mizigo kurudi kwao. Lenzi yake ilikuwa na kioo kipana, kipana hasa. Ukiifungua yote inapiga hata pale ambapo kamera za wenzake hutoa weusi mtupu. Bariki kichwa kikamvimba. Jumapili moja akapanda nayo kwao Poli, kwenye mteremko wa Meru, na baada ya ibada akamsimamisha mama yake, Ruth, kwenye migomba, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Chini ya migomba ni giza, nani asiyejua? Na filamu za rangi za wakati ule zilikuwa na njaa ya mwanga. Akaifungua lenzi mpaka mwisho. Nzi akamtua mama puani, mama akacheka, Bariki akabonyeza.

Filamu ikaenda Ulaya kusafishwa. Picha iliporudi, jamani! Mama yuko vilevile, meno nje, nyuma yake migomba imefifia kama ukungu wa asubuhi. Lakini pembeni ya kitambaa, pale weupe ulipokutana na anga iliyopenya kwenye majani, palikuwa na mstari wa zambarau umemzunguka kichwa chote. Mama mwenyewe hakujali, aliitundika ukutani na kuwaita wanakwaya wenzake waje waone alivyopendeza. Baba hakuita mtu. Mzee Sumari alikuwa mzee wa kanisa, na kila Kwaresima yeye ndiye aliyetandika kile kitambaa cha zambarau madhabahuni. Aliitazama ile picha, uso ukambadilika.

"Hii ni rangi ya mateso," alisema. "Umemzungushia mama yako Kwaresima, na Kwaresima haijafika."

Basi masika ya mwaka uleule mama akashikwa na kifua, wala hakukaa, akafa.

Siku ya mazishi, watu hawajanawa hata udongo mikononi, mzee akaingia ndani, akaitoa picha ukutani, akaja kumsukumia mwanawe kifuani.

"Chukua kazi yako. Na hapa usikanyage tena na hicho kisanduku."

Watu wazima walikuwepo, wazee wa kanisa na wazee wa ukoo, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mimi nawalaumu mpaka leo. Bariki akashuka mlima peke yake, picha kwapani.

Hakuamini kwamba kamera inaua, akili alikuwa nazo. Lakini ile rangi ilimkaa rohoni. Angejuaje hata kumweleza baba, wakati yeye mwenyewe hakujua imetoka wapi? Akaanza kuitafuta. Alianika shati lake jeupe kwenye waya uani, akalipiga lenzi ikiwa wazi yote, akalipiga ameibana kidogo, akalipiga ameibana zaidi. Mara shati limelipa jua mgongo, mara limelitazama jua. "Simama vizuri wewe," analiambia shati. Majirani wakawa wanakonyezana: jamaa anapiga picha nguo za kufua, kwisha habari yake! Halafu filamu inakwenda Ulaya, na yeye anangoja, na kungoja kwenyewe hakuna wa kungoja naye.

Mwishowe aliona. Lenzi pana ikifunguliwa yote haiwezi kuzikusanya rangi zote mahali pamoja. Zambarau inamwagika pembeni, hasa penye kitu cheupe mbele ya anga kali. Ukibana tundu la lenzi, inapungua. Ukibana tena, haipo. Na mtu umtoe kivulini umweke juani, nyuma yake pawe na ukuta, pasiwe na anga. Basi, ni hivyo tu! Kitu chenyewe kidogo namna hiyo, na kilikuwa kimemnyang'anya kwao.

Dada yake, Lydia, alikuwa akishuka kuuza ndizi sokoni mjini. Bariki akampa tawi la sale ampelekee baba, kwa kuwa kwa Wameru anayepelekewa sale ameombwa msamaha, na kukataa ni mwiko. Lydia aliporudi sokoni, Bariki alimwahi kabla hajatua mzigo.

"Kalipokea?"

"Kalipokea, kaka."

"Kasema nini?"

Lydia akapanga mikungu yake. "Hajasema kitu."

Krismasi ikaja, na Sekei nzima ikapanda mlimani. Asubuhi alipiga picha za familia zilizokuwa njiani, akiwaambia watoto, "Sogea, sogea kwa mama." Mchana alifunga mlango, akala wali wa jana.

Miaka ikaenda hivyo. Picha zake zikasifiwa kwa usafi, watu wakimfuata hata kutoka Ngaramtoni. Siku moja alasiri pazia likasogezwa, na Bariki akainuka kama aliyeguswa na moto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Alimtazama mkewe ukutani kwa muda mrefu. "Bado unayo."

"Ninayo, baba."

"Nipige na mimi. Ya rangi."

Ebo, Bariki nusura aangushe kiti! Akakitoa mbio nje juani, akakiegemeza ukutani, akabana tundu la lenzi, maneno yakimtoka ovyo kwa furaha. "Usiogope, baba, ile zambarau nimeshajua kuiondoa. Hutaiona hata chembe!"

"Nani kakwambia uiondoe?"

Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitambaa cheupe, kile cha Ruth, akajifunga kichwani, mzee wa kanisa mzima, mchana kweupe, majirani wanatazama.

"Sura yake imeanza kunipotea," alisema. "Nikifumba macho naona ile rangi tu. Nizungushie na mimi. Tuwe pamoja."

Kwa jirani kulikuwa na migomba. Bariki akampeleka pale gizani, anga ikichungulia kwenye majani, akaifungua lenzi mpaka mwisho, kama alivyofanya siku ile. Kwenye kioo alimwona baba yake vibaya, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa.

"Tawi lako nililipanda pale kaburini," mzee alisema, bila kutikisika. "Limeshika."

Bariki akabonyeza.

"Inarudi lini?"

"Inakawia, baba. Inakwenda Ulaya."

Mzee akakivua kitambaa, akakikunja taratibu, akakirudisha ndani ya koti.

"Ikirudi usimpe Lydia. Ilete mwenyewe, pamoja na ya mama yako."