Bibi wa Kibuta na Riddle Yake

Jamani, mimi nina nyota kali! Leo nimekwenda Kibuta kujitambulisha ukweni na nimekubaliwa papo hapo!

Nilimtambia bibi wa mchumba wangu kwamba nasoma Kiingereza kule Tumbi, Kibaha, na kwamba kitendawili Wazungu wanakiita "riddle".

Bibi akadakia: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Nikakwama. Na sahani ya mayai ya kuchemsha ipo mbele yangu!

"Nipe mji," akasema.

"Chukua Kibaha, bibi."

"Kibaha naijua kwa sindano za hospitali tu. Nipe mwingine."

"Basi chukua Kibuta."

"We bwana mdogo, unanigawia kwangu?"

Mchumba alicheka mpaka akakaa chini. Nyie mngempa mji gani?

Haya, nimewadanganya. Sijakubaliwa. Nimeambiwa nirudi na jibu.